Kizazi Kinachotupwa Machinjioni Kinasema Nini? Daktari wa Mifugo Awajibu Wasomaji

Safu hii ilipozungumzia ukaguzi wa maini na mapafu ya ng'ombe, wasomaji wengi waliandika kuuliza mbona hatukugusa kizazi. Lawama hiyo naipokea. Machinjioni kizazi hakina soko, na kitu kisicho na soko hakitazamwi: ini lenye minyoo humpotezea mwenye bucha fedha, kwa hiyo kila mtu hulikodolea macho, ilhali mji wa mimba na ovari zake, yaani viungo vinavyotoa mayai, hutupwa shimoni pamoja na taka za tumbo kabla mkaguzi hajapata nafasi ya kuufungua. Hata hivyo, kwa ng'ombe jike aliyeuzwa kwa sababu hazai, hicho ndicho kiungo pekee kinachoweza kuthibitisha kama aliyemwita tasa alisema kweli. Barua zilizofuata ni nyingi na zinafanana. Nimechagua zile zilizoeleza jambo kwa undani.

Daktari, shikamoo. Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa nyumbani. Mmoja alihimilishwa, yaani alipandishwa kwa mbegu zinazopitishwa kwa mrija, mara tatu, na wiki tatu baada ya mara ya tatu akaonyesha tena joto, yaani dalili za kutaka dume. Jirani anayefahamu mifugo akaniambia huyo ni tasa. Nikakaa naye miezi mitatu mingine bila kumpandisha, kisha nikamuuza kwa mwenye bucha. Jioni kijana wa bucha akaja kunieleza kuwa ndani mlikuwa na ndama wa shibiri moja. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Mimba ile ilikuwa ya umri gani, na ni nani aliyekosea?
*Mama mfugaji, Hai, Kilimanjaro*

Marahaba, mama, na pole sana. Tuanze na umri, kwa kuwa una hesabu nyepesi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwa rula. Ndama aliye tumboni hupimwa kutoka utosini hadi kwenye shina la mkia. Chukua idadi ya miezi ya mimba, izidishe kwa idadi hiyo hiyo iliyoongezwa 2, na jibu ni urefu wake kwa sentimita. Miezi 3 ni 3 mara 5, yaani sentimita 15; miezi 4 ni 4 mara 6, yaani sentimita 24; miezi 6 ni 6 mara 8, yaani sentimita 48. Ni hesabu ya kukadiria, lakini haipotezi sana. Ikiwa kijana alipima vizuri, shibiri ya mtu mzima ni kama sentimita 22, kwa hiyo mimba ilikuwa inakaribia miezi 4. Ukihesabu kurudi nyuma unafika karibu kabisa na siku ya uhimilishaji wa tatu. Maana yake ni kwamba uhimilishaji ule ulishika, na ng'ombe uliyemuuza alikuwa amefanya ulichomtaka afanye.

Lile joto la wiki tatu baadaye ndilo lililowapoteza nyote. Wako ng'ombe wachache ambao huonyesha dalili za joto hali wana mimba, na dalili hizo haziwezi kutofautishwa na joto la kweli kwa kutazama tu. Bahati nzuri hukumpandisha mara ya nne, kwa sababu mrija wa uhimilishaji ukipitishwa kwenye mlango wa kizazi wa ng'ombe mwenye mimba unaweza kuitoa mimba hiyo. Kwa hiyo katika jambo hilo hukukosea. Kosa lilikuwa katika miezi mitatu iliyofuata. Ng'ombe asiye na mimba, mwenye afya, hurudia joto kila baada ya siku 21 hivi. Katika miezi mitatu ulipaswa kuliona mara nne. Hukuliandika katika barua yako, nami nachukulia kwamba hukuliona. Ng'ombe asiyerudia joto kwa muda mrefu namna hiyo ama ana mimba, ama ana joto la usiku lisiloonekana na mtu, ama ovari zake zimelala, ama mji wake wa mimba una usaha. Mambo hayo manne yana tiba nne tofauti, na neno "tasa" si mojawapo.

Daktari au mtaalamu wa mifugo mwenye uzoefu anaweza kuitambua mimba kwa kuingiza mkono kwenye njia ya haja kubwa kuanzia kama siku ya 40, ingawa wengi wetu hupendelea kusubiri hadi kati ya siku ya 60 na ya 90 ili tuseme bila kusitasita. Kipimo cha picha ya mawimbi ya sauti huiona mapema zaidi, karibu siku ya 28. Jirani yako alitoa hukumu bila kupima. Hata mwenye bucha hakufaidika kama anavyodhani: katika minada ambako bei hukadiriwa kwa macho, kama ule wa Pugu, tumbo pana huvutia mnunuzi, lakini karibu na kuzaa mji wa mimba pamoja na maji na ndama, kwa ng'ombe mkubwa wa maziwa, unaweza kuzidi kilo 50, na hakuna hata kilo moja ya hizo inayoingia buchani.

Mimi ni mkaguzi msaidizi katika machinjio ndogo. Siku hizi nimeanza kukata ovari nione zina nini. Naona vifuko vya maji: vingine kama punje ya mtama, vingine kama zabibu, na siku moja niliona kimoja kikubwa kama yai la kuku. Mara nyingine nakuta uvimbe wa njano kama kiini cha yai. Upi kati ya hivi ni ugonjwa?
*Mkaguzi, Morogoro*

Nimefurahishwa na barua hii kuliko zote, kwa sababu wakaguzi wanaofungua ovari bila kuamriwa ni wachache.

Ovari ya kawaida ya ng'ombe ina urefu wa sentimita 3 hadi 4 na umbo la lozi. Juu yake wakati wote kuna vifuko vya mayai vinavyokua na kunywea kwa mawimbi, mawili au matatu katika kila mzunguko wa siku 21. Kifuko kilichokomaa hufikia milimita 12 hadi 20 kabla ya kupasuka na kutoa yai. Kwa hiyo punje zako za mtama na zabibu zako ni kazi ya kawaida ya mwili. Uvimbe wa njano nao ni wa kawaida: ni kinundu kinachojengeka mahali kifuko kilipopasukia, nacho hutengeneza homoni ya projesteroni inayoilinda mimba. Kinundu hicho wakati mwingine huwa na uwazi wenye maji katikati, na wakaguzi wengi huuandika kuwa ugonjwa. Usiuandike. Ng'ombe mwenye kinundu cha namna hiyo hushika mimba na kuilea kama wengine.

Shaka huanza kifuko kinapozidi milimita 25 na hakuna kinundu cha njano kwenye ovari yoyote kati ya mbili. Kwa ng'ombe aliye hai tunasubiri kuona kama kifuko hicho kitadumu siku 10 au zaidi. Wewe huna nafasi hiyo, kwa hiyo andika kile unachokiona, yaani ukubwa na unene wa ukuta wake. Ukuta mwembamba unaopitisha mwanga ni wa aina ambayo humfanya ng'ombe aonyeshe joto ovyo ovyo, au asionyeshe kabisa. Ukuta mnene, wa milimita 3 au zaidi, wenye utando wa rangi ya njano kwa ndani, ni wa aina inayolizuia joto. Kifuko chako cha ukubwa wa yai la kuku sina shaka nacho: huo ulikuwa uvimbe wa maji, maradhi yanayowapata zaidi ng'ombe wa maziwa wanaotoa maziwa mengi katika wiki za mwanzo baada ya kuzaa. Ukikuta ovari moja imekuwa kubwa kama nazi, ngumu kiasi, yenye vyumba vyumba ndani, huku ya pili imesinyaa, hiyo inaelekea kuwa uvimbe wa saratani wa ovari, nao hautokei mara nyingi. Vile vifuko vidogo vya maji vinavyoning'inia kwenye utando ulio kando ya ovari, si juu ya ovari yenyewe, havina madhara ila vikiwa vikubwa hata kuubana mrija wa mayai.

Sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo kwangu ni zito kuliko vifuko vyote hivyo. Kabla ya kuikata ovari, ivute taratibu itoke ndani ya kifuko cha utando kinachoizunguka. Inapaswa kutoka bila kushikilia. Mara nyingi utakuta imegandamana: pengine kwa nyuzi chache nyembamba kama utando wa buibui, pengine kwa kovu nene lililoifunika ovari nzima na mdomo wa mrija, hata yai likitoka halina pa kupitia. Kovu hilo huletwa na maambukizi yaliyopanda kutoka kwenye mji wa mimba baada ya kuzaa, na mara nyingine huletwa na sisi wenyewe, yaani kuiminya ovari kwa nguvu wakati wa kupima, au kuukamua ule uvimbe wa njano kwa vidole, tendo lililokuwa likifundishwa zamani na ambalo leo halina udhuru. Kando ya kovu hilo utakuta pia mrija wa mayai uliovimba ukajaa maji ya rangi ya maji ya mvua, umejikunja kunja kama utumbo wa kuku. Kovu likiwa upande mmoja, ng'ombe bado anaweza kushika mimba kwa ovari ya upande wa pili. Likiwa pande zote mbili, huyo ndiye tasa wa kweli, na hakuna sindano itakayomsaidia.

Makovu membamba hayahisiki kwa mkono wa daktari. Nimewahi kumtibu ng'ombe mmoja kwa miezi mingi, nikampa homoni, nikabadilisha mbegu, nikamlaumu mfugaji kwa kutoona joto, na mwisho nikaonyeshwa kizazi chake machinjioni: pande zote mbili zilikuwa zimefungwa. Ukitaka uhakika, chukua bomba la sindano lenye maji ya rangi, uyasukume kwenye mrija, utazame kama yanatokea upande wa pili.

Nina bucha. Tulichinja ng'ombe mnene, mwenye afya, lakini kizazi chake kilijaa usaha mzito kama lita tatu. Mkaguzi akatupa kizazi, akapitisha nyama. Wateja walisikia, wakanisusia. Je, mkaguzi alikuwa sahihi? Na vijana wangu wanaokata kwa mikono mitupu wana hatari gani?
*Mwenye bucha, Voi*

Kwa maelezo uliyotoa, alikuwa sahihi. Usaha uliofungiwa ndani ya mji wa mimba ni ugonjwa wa mahali pamoja. Baada ya kuzaa, hasa kuzaa kwa shida au zalio likibaki, vijidudu huingia kizazini. Ovari ikitoa yai mapema wakati uchafu bado umo, kinundu cha njano hujengeka, projesteroni yake hufunga mlango wa kizazi, na usaha hubaki ndani miezi na miezi. Mlango ukiwa umefungwa hakuna harufu wala uchafu unaoonekana, ng'ombe hapati homa, anakula, ananenepa, haonyeshi joto, na mwenyewe hufurahi akidhani ana mimba. Katika makundi yanayopandishwa kwa dume la pamoja, usaha wa namna hiyo unaweza pia kuletwa na kijidudu cha trikomona, ambacho dume hukibeba bila kuugua na kukigawa kwa kila jike analolipanda. Hapo machinjio yanakuwa yametoa habari juu ya dume, si juu ya jike aliyechinjwa peke yake. Wafugaji wanaoazimana madume waikumbuke habari hiyo.

Uamuzi wa mkaguzi hutegemea mwili uliobaki. Ikiwa mnyama hakuwa na homa alipokaguliwa kabla ya kuchinjwa, tezi zake ni za kawaida, nyama haina madoa ya damu wala rangi ya kuchomwa na homa, basi kizazi hutupwa na nyama huliwa. Ingekuwa ni ng'ombe aliyezaa siku chache zilizopita, mwenye kizazi cheusi kinachonuka na mwili uliokwisha kuingiwa na sumu, nyama yote ingezuiwa. Waeleze wateja wako hivyo bila kuficha, na waambie vilevile kwamba kisu kilichogusa usaha huoshwa na kuchovywa katika maji ya moto wa nyuzi 82 kabla ya kugusa nyama, kama kweli ndivyo mnavyofanya.

Kuhusu vijana wako sina maneno laini. Ng'ombe aliyetupa mimba kwa brusela, ugonjwa wa vijidudu unaowapata hata watu, huwa na mamilioni ya vijidudu katika mji wa mimba, katika maji ya uzazi na katika kondo. Nyama yake, baada ya kizazi, kiwele na tezi zake kuondolewa, kwa kawaida hupitishwa isipokuwa ametoka tu kutupa mimba. Lakini aliyepasua kizazi kwa mkono wenye mchubuko, au akarukiwa na maji yale machoni, anaweza kuambukizwa siku hiyo hiyo na kuanza kuumwa wiki au miezi kadhaa baadaye: homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, maumivu ya viungo na mgongo. Dalili hizo hufanana na za malaria na homa ya matumbo, na wapo wanaomeza dawa za malaria mara tatu nne bila nafuu. Mwenye homa ya namna hiyo amwambie tabibu anafanya kazi gani. Habari hiyo moja hubadilisha vipimo atakavyoandikiwa. Kazini wavae glavu na miwani au hata kitambaa cha plastiki usoni, wafunge mlango wa kizazi kwa kamba kabla ya kukitoa, na wasikipasue sakafuni kwa kutaka kuona tu. Mjamzito asikishike kabisa.

Jambo la mwisho kwako: msiwape mbwa vijusi wala kondo. Najua ndiyo desturi ya machinjio mengi madogo, na mbwa wa pale hunenepa. Mbwa anayekula vitu hivyo vibichi hupata vimelea vya neospora, akavitoa kwenye kinyesi malishoni, na ng'ombe wanaokula majani hayo hutupa mimba, mara nyingi za miezi 5 au 6.

Kila mwaka ifikapo mwezi wa kumi tunauza ng'ombe majike ambao hawakuzaa. Mwaka huu nilimwomba mchinjaji anionyeshe vizazi vya watatu wangu. Havikuwa na usaha wala maji, vilikuwa safi, ila ovari zilikuwa ndogo na ngumu kama harage. Huu ni ugonjwa gani?
*Mfugaji, Kongwa*

Huu ni ugonjwa wa malisho, ndugu yangu. Ovari ndogo, laini kwa juu, zisizo na kifuko kilichokomaa wala kinundu cha njano, ni ovari zilizolala. Mwili wa ng'ombe unapokosa chakula hupunguza matumizi kwa mpangilio: kwanza hujilinda wenyewe, pili humlinda ndama anayenyonya, na uzazi ndio wa mwisho kuhudumiwa na wa kwanza kukatwa. Mwezi wa kumi huko kwenu ni kilele cha kiangazi. Jike aliyezaa mwishoni mwa masika, akanyonyesha kiangazi kizima kwa majani makavu, hawezi kuwa na ovari inayofanya kazi wakati huo, na kunyonywa kwenyewe usiku na mchana kunazidi kuilaza ovari.

Kinachonisikitisha ni kwamba mnawauza wiki chache kabla ya mvua. Wengi wao wangepata majani mabichi wangerudi kwenye joto wenyewe. Sisemi mtunze mifupa. Mwenye mifugo mingi kuliko malisho lazima apunguze, na kupunguza mapema, mwezi wa sita au wa saba wanyama wakiwa bado na nyama, kungewapa bei nzuri zaidi. Lakini chagueni wa kuuza kwa umri na meno na rekodi ya uzazi, na kwanza mpimeni kila mmoja mimba. Wale mnaotaka kuwabakiza wapeni nyongeza kidogo: mashudu ya alizeti yanapatikana kwenu kuliko mahali pengi nchini, na jiwe la chumvi lenye fosforasi halimfilisi mtu. Kumtenga ndama usiku, akishafika umri wa kula majani, nako kunasaidia.

Mtamba wangu alizaliwa pacha na dume. Ana miaka mitatu na hajawahi kuonyesha joto. Je, nisubiri?
*Msomaji, Iringa*

Usisubiri. Ndama jike aliyezaliwa pacha na dume huwa tasa katika zaidi ya asilimia 90 ya mara. Mishipa ya damu ya makondo yao huungana mapema tumboni, homoni na chembe za dume humfikia jike, na kizazi chake hakiumbiki. Machinjioni tunakuta mji wa mimba mwembamba kama uzi wa kiatu, na mahali pa ovari pana kitu kinachofanana na kokwa dogo la dume. Angeweza kutambuliwa akiwa na wiki chache: kijiti laini, safi, kilichopakwa mafuta huingia ukeni mwa ndama wa kawaida kiasi cha sentimita 13 hadi 15, lakini kwa ndama wa namna hii hukwama kwenye sentimita 5 hadi 8. Nyama yake ni njema kabisa, na kwa kawaida hunenepa vizuri.

Katika ng'ombe aliyechinjwa dharura baada ya kuvunjika mguu, tulifungua kizazi tukakuta vinundu zaidi ya themanini, vingine kama uyoga. Mzee mmoja alisema ni saratani na nyama ikazikwa yote. Tulifanya vyema?
*Msomaji, Sengerema*

Mlizika nyama nzuri, kama mguu ndio uliokuwa shida pekee. Vinundu hivyo ni vya maumbile. Ng'ombe ana kati ya 70 na 120, vimepangwa kwa safu, na ndipo kondo linaposhikia. Kwa ng'ombe asiye na mimba ni vidogo kama dengu. Kwa aliyezaa karibuni huwa vikubwa, vyekundu, kama uyoga kweli, na huchukua kama siku 40 kunywea. Inaelekea ng'ombe huyo alikuwa amezaa wiki moja au mbili kabla. Kwa mnyama wa dharura mwiteni mkaguzi kabla ya kuita majembe.

Ng'ombe wetu alipandwa, akaacha joto, tukahesabu miezi tisa, kumi, kumi na mbili, hakuzaa. Wazee wakasema amefungwa na mtu. Alipochinjwa tulikuta kitu cha kahawia, kikavu, chenye umbo la ndama, kinanata kama lami, lakini hakinuki. Hofu imeingia nyumbani. Tunaomba maelezo.
*Familia ya wafugaji, Sumbawanga*

Poleni kwa hofu, na hongereni kwa kuieleza hali vizuri kiasi kwamba sihitaji kukiona. Huyo ni ndama aliyefia tumboni, kwa kawaida kati ya mwezi wa 3 na wa 8 wa mimba, mlango wa kizazi ukiwa umefungwa na hakuna kijidudu kilichoingia. Kwa kuwa hakuna vijidudu, hakuozi. Maji hufyonzwa na mwili wa mama, damu iliyovuja hugeuka ute wa kahawia unaonata, na ndama hukauka. Kinundu cha njano kwenye ovari hubaki kikifanya kazi, kwa hiyo mama hapati joto wala uchungu wa kuzaa. Kilichomuua ndama kinaweza kuwa maambukizi, kasoro ya kurithi, au kujisokota kwa kitovu. Baada ya muda mrefu mara nyingi hakijulikani tena.

Ng'ombe huchukua mimba siku 280 hadi 285 hivi. Akizidisha wiki tatu bila dalili, aitwe daktari. Sindano ya prostaglandini huyeyusha kinundu kile, mlango hufunguka, na ndama aliyekauka hutolewa, mara nyingine kwa kusaidiwa kwa mkono. Wengi wa ng'ombe hao hushika mimba tena. Hali ni tofauti pale mlango unapokuwa umefunguka kidogo na vijidudu vikaingia: ndama huoza, na machinjioni hukutwa mifupa mitupu ikielea kwenye usaha, pengine imechoma ukuta wa kizazi. Huyo uwezekano wake wa kuzaa tena ni mdogo sana. Ng'ombe wenu hakuwa amefungwa na mtu yeyote, na sioni sababu ya ugomvi na jirani aliyetajwa katika sehemu ya barua yenu ambayo sikuichapisha.

Nasoma stashahada ya afya ya mifugo, nami natakiwa kukusanya vizazi machinjioni kwa mafunzo ya vitendo. Nianzie wapi katika kuvikagua, na niandike nini?
*Mwanafunzi, Mpwapwa*

Anzia nje, malizia ndani, kwa sababu ukishapasua huwezi tena kujua kilichokuwa kimeshikana na kipi. Weka kizazi juu ya sinia, tazama uwiano wa pembe mbili za mji wa mimba, kisha papasa: pembe moja ikiwa kubwa na yenye maji, tafuta mimba kabla ya kutafuta ugonjwa. Chunguza ovari na utando wake kama nilivyomweleza mkaguzi wa Morogoro. Fuata mrija kwa vidole. Ndipo upasue, kuanzia ukeni, kupitia mlango wa kizazi wenye mikunjo yake mitatu au minne, hadi kwenye ncha ya kila pembe, ukitazama rangi ya utando, ute na harufu. Utando wenye vidonge vya jibini ya njano unaweza kuwa kifua kikuu cha kizazi. Ukikiona, acha kazi, mwite mkaguzi, na usiguse kitu kingine kwa kisu hicho.

Daftarini usiandike "kizazi kibovu". Andika urefu wa ovari, kipenyo cha kifuko kikubwa kuliko vyote, kama kinundu cha njano kipo na kiko upande gani, kovu ni la uzi au la kufunika, na urefu wa ndama kama yupo. Andika pia hali ya unene wa mnyama, aina yake, na kama ni mtamba au ameshazaa, maana ovari iliyolala kwa zebu, ng'ombe wa asili mwenye nundu, aliyekonda wa mwezi wa kumi na ovari iliyolala kwa ng'ombe wa maziwa wa Friesian aliye mnene ni habari mbili tofauti kabisa. Usisahau vizazi vizima visivyo na kasoro yoyote. Hivyo pia vihesabiwe, kwa kuwa ng'ombe aliyechinjwa kwa utasa akakutwa na kizazi kizima anatuelekeza tukachunguze dume, mbegu, au macho ya mtu aliyepaswa kuliona joto.

Mwisho ni mahali mnyama alipotoka. Namba ya hereni au alama ya chapa, pamoja na wilaya iliyotajwa kwenye kibali cha kusafirishia mifugo, viandike ng'ombe akiwa bado amesimama zizini, na ufunge kipande cha karatasi ya plastiki chenye namba hiyo kwenye kizazi mara kinapotolewa. Kichwa na ngozi vikishakwenda upande wao, hakuna mtu pale machinjioni atakayeweza kukwambia kizazi ulichoshika ni cha ng'ombe yupi.